Ukitokwa na mabaka, usikimbilie kulaumu mayai

Umelala vizuri. Saa nane za usiku unaamka ukijikuna. Ukiwasha taa unaona mabaka yaliyovimba mapajani na mgongoni, mengine madogo kama alama ya kuumwa na mbu, mengine mapana kama kiganja cha mkono. Asubuhi, wakati unapojiandaa kwenda kumwona daktari, yote yametoweka na ngozi iko laini kana kwamba hakuna lililotokea. Jioni yanarudi, safari hii shingoni na mikononi. Swali la kwanza utakaloulizwa na kila mtu nyumbani ni moja tu: "Jana ulikula nini?"

Swali hilo ndilo ninalotaka kulipinga leo, msomaji. Sisemi kwamba chakula hakina makosa kamwe. Ninalosema ni kwamba tumekifanya kuwa mshtakiwa wa kudumu, hata siku ambayo kilikuwa mbali na mahali pa tukio. Wakati huo huo wakosaji wenyewe, ambao ni dawa tunazomeza bila kufikiri, homa za watoto wetu na wakati mwingine mwili wenyewe, wanaendelea na shughuli zao bila kusumbuliwa. Matokeo yake tunayaona mitaani. Mtoto wa miaka miwili ananyimwa mayai, kisha maziwa, kisha samaki, kisha maharagwe, kwa sababu tu alitokwa na mabaka mara moja alipokuwa na mafua. Baada ya miezi sita mtoto huyo amekonda, na kilichomkondesha si mabaka bali ni orodha ya vyakula alivyokatazwa na watu wanaompenda.

Kwanza tuelewane tunazungumza juu ya nini. Kiswahili chetu hakina jina moja la maradhi haya. Wengi wanayaita aleji, wengine mzio, na wazee husema ni damu chafu. Madaktari huyaita urtikaria. Si maradhi ya watu wachache. Inakadiriwa kuwa mtu mmoja kati ya watano hupatwa nayo angalau mara moja maishani. Alama yake kuu ni kwamba baka huinuka, huwasha sana, halafu hutoweka mahali hapo kabla ya saa 24 kupita bila kuacha kovu wala doa, hata kama mengine yanaendelea kuchipuka kwingineko. Ukitaka kuhakikisha, chukua kalamu ya wino uchore mstari kulizunguka baka moja na uandike saa. Tazama tena kesho saa kama hiyo. Iwapo bado liko pale pale, au limeacha alama nyeusi kama ya kugongwa, au linachoma kuliko kuwasha, basi huenda si urtikaria ya kawaida na daktari anafaa kuambiwa hivyo.

Kuna jambo jingine ambalo huwapotosha hata wahudumu wa afya. Vitabu vingi vya udaktari viliandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe, ndiyo sababu vinasema mgonjwa huwa na mabaka mekundu. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu huo aghalabu hauonekani. Baka huwa na rangi ile ile ya mwili au nyeusi kidogo, na njia bora ya kuligundua ni kupitisha kiganja juu ya ngozi au kumulika tochi kutoka ubavuni ili uvimbe utupe kivuli. Na kwa kuwa mabaka haya yana tabia ya kujificha mara tu mgonjwa anapofika hospitalini, yapige picha kwa simu yako yakiwa yamechachamaa. Picha hiyo itamsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa.

Sasa, yanatoka wapi? Chini ya ngozi kuna chembe hai ziitwazo masti, ambazo zimekaa kandokando ya mishipa midogo ya damu kama walinzi langoni. Ndani yake zimebeba kemikali kadhaa, kubwa ikiwa ni histamini. Zinaposhtuliwa, chembe hizo humwaga shehena yao. Histamini hupanua mishipa na kuifanya ivuje, maji ya damu yanapenya kwenye ngozi, ngozi inavimba, na neva zinapeleka habari ya mwasho kwenye ubongo. Hayo ndiyo mabaka yote kwa ufupi. Hakuna uchafu wowote katika damu, na wale wanaokunywa dawa za kuendesha tumbo ili "kusafisha damu" wanaambulia kuhara tu. Swali la maana ni hili: nani aliyewashtua hao walinzi?

Chakula ni mmoja wa wanaoweza kuwashtua, na ushahidi wake ni wa zamani. Mwaka wa 1921 madaktari wawili Wajerumani, Carl Prausnitz na Heinz Küstner, walifanya jaribio ambalo leo hakuna kamati ya maadili ingelikubali. Küstner alikuwa akidhuriwa na samaki aliyepikwa. Prausnitz, ambaye hakuwa na tatizo hilo, alijidunga maji ya damu ya mwenzake chini ya ngozi. Siku iliyofuata alijidunga dawa iliyotengenezwa kwa samaki mahali pale pale, na ngozi ikavimba. Ikajulikana kwamba kuna kitu ndani ya damu ya mgonjwa kinachomtambua samaki na kuamrisha uvimbe. Ilichukua miaka zaidi ya 40 kabla kitu hicho kugunduliwa kuwa ni kingamwili ambayo sasa inaitwa IgE.

Lakini mzio wa chakula una kanuni zake, na hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Kwa kawaida hutokea haraka, ndani ya dakika chache hadi saa mbili hivi baada ya kula. Hutokea kila mara mtu anapokila chakula hicho, si leo ndiyo kesho hapana. Na mara nyingi kiasi kidogo tu hutosha. Kwa hivyo ukiwa ulikula mayai Jumatatu asubuhi, Jumatano na Ijumaa bila neno, kisha Jumamosi usiku ukatokwa na mabaka, mayai yana haki ya kuachiliwa huru. Vyakula ambavyo hupatikana na hatia mara nyingi zaidi ni vichache: mayai na maziwa ya ng'ombe kwa watoto wadogo, njugu karanga, na samaki pamoja na kamba na kaa. Wengi wa watoto wanaodhuriwa na mayai au maziwa huacha kudhurika wanapokua, ndiyo maana hata hukumu iliyokuwa ya haki inafaa kukaguliwa upya baada ya muda.

Samaki anahitaji maneno ya ziada, hasa kwa wasomaji wa Mombasa na wale wanaonunua samaki wa baharini aliyesafirishwa hadi Nairobi. Jodari na jamaa zake wakikaa bila barafu ya kutosha, bakteria hugeuza sehemu ya nyama yao kuwa histamini, ile ile tuliyoitaja. Anayemla huona uso ukiwaka moto, kichwa kikimgonga na mwili ukimwasha muda mfupi baada ya mlo, wakati mwingine pamoja na wenzake wote wa meza hiyo. Kupika hakuondoi sumu hiyo, wala limau halisaidii. Mtu huyu ataapa asile samaki tena maisha yake yote, ilhali hana mzio wowote wa samaki. Aliyekosea ni yule aliyemwacha samaki juani.

Tukiwarudia watoto, chanzo cha kawaida kabisa cha mabaka ya ghafla kwao si chakula bali ni maambukizo ya virusi: mafua, koo kuuma, kuhara kidogo. Kinga ya mwili inapopambana na virusi, walinzi wale nao hushtuka, na mabaka huja na kuondoka kwa siku chache hadi majuma mawili au matatu hivi. Hutoweka yenyewe. Tatizo ni kwamba katika siku hizo hizo mtoto hupewa mambo mengi. Amepewa dawa ya homa, amepewa amoksilini ambayo pengine hakuihitaji kwa sababu amoksilini haiui virusi, na shangazi amemletea soda na keki ili apate nguvu. Mabaka yakitokea, kila mmoja wa hao anashtakiwa isipokuwa virusi.

Kesi ya amoksilini ndiyo inayonihuzunisha zaidi, kwa maana hukumu yake haina mwisho. Kwenye kitabu cha kliniki kunaandikwa kwamba mtoto ana aleji ya penisilini, na maandishi hayo humfuata hadi uzeeni. Akiwa na nimonia au kidonda kilichooza atapewa dawa ghali zaidi, na wakati mwingine zisizofaa kama penisilini. Uchunguzi uliofanywa katika nchi zenye kliniki za mzio umeonyesha mara kwa mara kwamba takriban watu 9 kati ya 10 wanaojiita wenye aleji ya penisilini hawanayo wanapopimwa ipasavyo. Hao wengine wanayo kweli, tena ya hatari, kwa hivyo mtu asijijaribu mwenyewe nyumbani. Lakini ikiwa jina hilo ulipewa ukiwa mtoto na hukumbuki kilichotokea, mwulize daktari kama linaweza kuchunguzwa.

Hapa nimefika kwa mshukiwa ambaye huwa hatumwiti kortini, yaani vidonge vya maumivu. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki zinauzwa karibu kila mahali, nyingine hata kwenye vioski pamoja na sabuni na kiberiti. Dawa hizi zinaweza kuzishtua chembe za masti bila kupitia IgE, na kwa mtu ambaye tayari ana mabaka huyaongeza. Muulize mgonjwa kama ametumia dawa yoyote na atakujibu la. Muulize tena kama aliumwa na kichwa, mgongo au hedhi juma hilo, na atakuambia, "Ah, nilimeza tu viwili vya maumivu." Kwake hizo si dawa. Ikiwa unasumbuliwa na mabaka, ziache kwa muda na utumie parasetamoli, ambayo wengi huivumilia vyema. Kama aspirini unapewa na daktari kwa ajili ya moyo, usiiache bila kumwuliza.

Wasomaji wenye umri wa kutosha watakumbuka klorokwini. Kabla ya 1998, ilipoondolewa kuwa dawa ya kwanza ya malaria humu nchini, watu wengi walikuwa tayari kuvumilia homa kuliko mwasho ule uliokuwa ukianzia viganjani na nyayoni na kumnyima mtu usingizi. Mwasho huo haukuwa na mabaka, na haukuwa mzio kwa maana halisi. Ulikuwa ni tabia ya dawa yenyewe, na uliwapata zaidi watu weusi. Baadaye zikaja dawa zenye salfa, ambazo zilitumika hadi mseto wenye artemisinini ulipoanza kutolewa mwaka wa 2006. Salfa bado iko nasi katika vidonge vingine, ikiwa ni pamoja na kotrimoksazoli. Kwa watu wachache dawa za jamii hii huleta madhara ambayo si ya kulinganishwa na mabaka ya kawaida: malengelenge, vidonda mdomoni, machoni na sehemu za siri, na ngozi kubanduka kama ya mtu aliyeungua. Huyo hahitaji krimu wala ushauri wa jirani. Aache dawa mara moja na apelekwe hospitali kubwa siku hiyo hiyo.

Nairobi ina historia ya uchungu katika jambo hili. Mwaka wa 1991 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa hapa kuhusu thiasetazoni, dawa nafuu iliyokuwa ikitumiwa kutibu kifua kikuu. Wagonjwa waliokuwa na virusi vya HIV walidhuriwa ngozi na dawa hiyo mara nyingi mno kuliko wale wasiokuwa navyo, na kuna waliofariki. Dawa hiyo hatimaye iliachwa. Naikumbusha habari hii kwa sababu wakati huo mgonjwa aliyetokwa na vipele angeweza kuambiwa ni "ule ugonjwa" unaojitokeza, na kumbe kilichokuwa kikimdhuru ni kidonge alichokuwa akikimeza kila asubuhi kwa utiifu.

Kuna dawa nyingine ambayo ningependa kila mwenye shinikizo la damu aitazame leo kabla ya kulala. Soma jina lililoandikwa kwenye pakiti. Likiishia kwa herufi p, r, i, l, kama vile enalaprili, kaptoprili au lisinoprili kwa matamshi yetu, basi fahamu kwamba kwa watu wachache dawa hiyo huvimbisha midomo, ulimi, uso au koo, bila mabaka na bila mwasho. Watu weusi hupatwa na jambo hili mara nyingi zaidi kuliko wazungu. Linaloduwaza ni kwamba uvimbe unaweza kuja baada ya miezi au hata miaka ya kuitumia dawa bila tatizo lolote. Mgonjwa hawezi kuishuku. Atashuku chapati, atashuku mafuta mapya ya kupikia, atashuku adui. Uvimbe huu hautokani na histamini, kwa hivyo vidonge vya aleji haviutibu vyema. Ukivimba ulimi, hiyo ni safari ya hospitali bila kungoja asubuhi, na pakiti ya dawa uende nayo mkononi. Dawa za presha ziko za namna nyingi, na daktari anaweza kukubadilishia.

Wengine hutokwa na mabaka kwa sababu ambazo wakizisema huchekwa. Kuna yule ambaye ukimpitishia ukucha mgongoni unabaki mstari ulioinuka, hata waweza kuandika jina lake likasomeka. Kuna anayevimba mahali mkanda wa suruali au kamba ya mkoba ilipombana. Kuna kijana anayetokwa na vipele vidogo vidogo vya mwasho kila anapotoka jasho, akikimbia au akikimbizana na matatu, naye huishia kuacha michezo bila kueleza kwa nini. Na kuna wanaovimba kwa baridi, ambao Julai ya Nairobi na maji ya mfereji ya alfajiri huwatesa vilivyo. Hawa wa baridi wasijitose kwenye bwawa la kuogelea au mto wa maji baridi, kwa sababu mwili mzima ukipoa kwa ghafla wanaweza kuzimia majini. Vitu hivi vyote ni vya kweli na vina majina katika vitabu. Mtu akikuambia anadhuriwa na baridi, usimwambie anadeka.

Sasa nizungumze na wale wanaotaabika zaidi, ambao mabaka yao yamepita majuma sita na yanarudi karibu kila siku. Hao ndio wanaomaliza pesa. Wamepimwa minyoo, wamepimwa taifodi, wamebadili sabuni, godoro na hata nyumba. Mwishowe wanauziwa kipimo cha damu cha aleji chenye orodha ndefu ya vyakula, na majibu yanarudi yakisema wana mzio wa ngano, nyanya, ndizi, kuku na vumbi. Msomaji, kipimo hicho kinaonyesha tu kwamba mwili unakitambua kitu fulani. Hakithibitishi kwamba kitu hicho ndicho kinachokuvimbisha. Watu wengi wenye afya njema wangepatikana na majibu kama hayo. Miongozo ya kimataifa ya madaktari haishauri vipimo hivyo vifanywe ovyo kwa mabaka ya muda mrefu, kwa sababu mabaka ya aina hii ni nadra kuletwa na chakula au kitu chochote cha nje. Mara nyingi ni kinga ya mwili wenyewe iliyogeuka na kuzishambulia chembe za masti, na baadhi ya wagonjwa huwa pia na matatizo ya tezi ya thairoidi. Habari hii haimfurahishi mtu. Tungependa kuwa na adui wa kumwondoa mezani. Hata hivyo ni heri kuijua kuliko kuishi kwa ugali na chumvi.

Isitoshe, maradhi haya yanatibika hata pale ambapo chanzo hakijulikani. Setirizini na loratadini hazilevyi sana kama Piriton ya zamani, ambayo humfanya dereva asinzie kwenye usukani. Zimezwe kila siku kwa mpango, si pale tu mwasho unapozidi, na kama kiasi cha kawaida hakitoshi daktari anaweza kukiongeza hadi mara nne. Kuna pia sindano za kisasa kwa wasiopata nafuu, ingawa bei yake ni ya kuogofya. Kwa wengi mabaka huisha yenyewe, baada ya miezi au miaka kadhaa.

Jambo ambalo silipendi hata kidogo ni zile pakiti ndogo za karatasi ambazo baadhi ya wauza dawa huzitayarisha nyuma ya kaunta, vidonge vitatu vinne vimechanganywa bila jina. Mgonjwa anapona kwa siku mbili na kumsifu muuzaji. Mara nyingi kilichomponya ni steroidi kama vile prednisoloni. Ikitumiwa kwa siku chache kwa amri ya daktari haina ubaya. Ikitumiwa mwezi baada ya mwezi huvimbisha uso, hupandisha sukari na presha na hudhoofisha mifupa. Una haki ya kuuliza jina la kila kidonge unachouziwa, na asiyetaka kukuambia usimpe pesa zako.

Nikumbushe pia kwamba si kila kinachowasha ni aleji. Mwasho unaozidi usiku, ukiwa na vipele katikati ya vidole na kiunoni, huku watu wengine nyumbani wakijikuna, ni upele, na watoto hurudi nao kutoka shule za bweni. Alama zilizopangana mstari asubuhi ni kazi ya kunguni. Yule mdudu mwembamba mweusi na mwekundu anayeitwa na wengi "Nairobi fly", aliyetusumbua sana baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998, haumi wala hachomi. Anapopondwa juu ya ngozi sumu yake huunguza, na malengelenge huonekana baadaye. Mpulize aondoke, usimpige kofi. Akipondeka, osha kwa maji na sabuni upesi. Na mabibi harusi wa Pwani wajihadhari na hina nyeusi iliyochanganywa na rangi ya nywele. Kemikali ya rangi hiyo inaweza kuleta malengelenge baada ya siku moja au zaidi, na mwili ukishaichukia hauisahau.

Kati ya haya yote kuna hali moja ambayo haingoji mjadala. Mabaka yakija pamoja na shida ya kupumua, sauti kukwama, kutapika mfululizo, kizunguzungu au kuzirai, hasa baada ya kuumwa na nyuki, kula kitu au kudungwa sindano, hiyo ni anafilaksia na inaweza kuua kwa dakika chache. Dawa yake ni adrenalini, hudungwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje. Si ghali, na imo katika orodha ya dawa muhimu za Shirika la Afya Duniani. Piriton na hidrokotisoni hazichukui nafasi yake. Mlaze mgonjwa chali na kumwinua miguu, au mwache aketi kama anashindwa kupumua, lakini usimsimamishe wala kumtembeza hadi kituo cha teksi. Lete gari mahali alipo. Ukifika hospitalini sema wazi kwamba anashindwa kupumua na kwamba ana mabaka, ili asiwekwe kwenye foleni.

Kwa wengine wote, nunua daftari la shule. Kila siku mabaka yanapotokea andika saa, chakula cha saa mbili zilizotangulia, na kila kidonge ulichomeza siku hiyo hata kile "cha maumivu tu". Andika kama ulikuwa na mafua, kama ulipigwa na baridi, kama ulitoka jasho. Baada ya majuma mawili mpelekee daktari daftari hilo pamoja na pakiti zote za dawa zilizo nyumbani. Na kwa mama ambaye tayari amemwachisha mtoto vyakula vitano: kama mabaka yalimtokea ndani ya saa mbili baada ya kula chakula fulani, au alitapika na kuhema, usimrudishie chakula hicho mwenyewe, bali fanya hivyo mbele ya daktari. Kama ilikuwa ni wakati wa homa, na mtoto alikuwa amekula vyakula hivyo siku zote bila neno, mwambie daktari hivyo kwenye ziara ijayo, na umwombe akuonyeshe namna ya kumrudishia kimoja kimoja, akianza na yai.